Kuchora Mkojo Mwekundu

Lile fuvu la kichwa kwenye ukuta wa zahanati, karibu na Runyenjes, nililichora mimi. Nilikuwa mchoraji wa vibao. Kama uliwahi kupita soko lile katikati ya miaka ya tisini ukaona ng'ombe anayetabasamu juu ya mlango wa butcheri, au kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri kwenye bati la kinyozi, hiyo ilikuwa kazi ya mkono wangu. Siku moja watu wa ofisi ya wilaya walitoka Embu na gari, wakanionyesha karatasi, wakasema wanataka kitu hicho hicho kwa ukubwa wa mlango: fuvu, mifupa miwili iliyopishana, na maneno mekundu UKIMWI UNAUA. Nilimaliza kwa siku mbili. Macho yake niliyatia kivuli cha bluu kwa ndani, hivi kwamba ukipita huku yanakufuata, ukipita kule yanakufuata. Nilijivunia macho yale.

Mwaka uliofuata muuguzi aliyesimamia kliniki ya kifua pale zahanati alinijia kibandani. Wauguzi wote tuliwaita sista, naye nilimwita hivyo miaka yote niliyomjua. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa kutoka mwisho wa ua.

"Wewe ndiye ulichora kile kitu kwa ukuta wangu?"

"Ndiyo, sista. Kuna shida?"

"Umekichora vizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Akaketi juu ya debe la rangi tupu, akanieleza. Wagonjwa wake wa TB walitakiwa kuja kila asubuhi kwa miezi miwili kumeza dawa mbele yake, kisha waendelee na vidonge vingine nyumbani kwa miezi sita. Wengi wao, alisema, walikuwa na TB kwa sababu walikuwa na ule ugonjwa mwingine, ambao hakuwa na dawa yake ya kuwapa. Mlango wa kliniki ulikuwa kando kabisa ya fuvu langu. Mtu akisimama pale, soko zima lilijua anangojea nini. Kwa hivyo wengine walipita kama wanaoenda kununua chumvi, wakageuka, wakarudi nyumbani na kikohozi chao.

"Kwanza utafuta hicho kitu," alisema. "Halafu nataka picha za mtu ambaye tayari anao na anataka kuishi. Picha za hivyo hakuna. Karatasi zote wanazoniletea zinamwambia yule asiyenao asiupate. Huyu aliyenao haambiwi chochote, ila kwamba atakufa."

Nilikubali kwa sababu msimu wa kahawa ulikuwa mbaya na hakuna aliyekuwa akifungua duka jipya. Sitadanganya kwamba nilikuwa na moyo wa huruma. Siku ya kwanza kliniki sista alinipa chai, nami nikashika kikombe mkononi mpaka ikapoa, kisha nikaimwaga kwenye maua alipogeuka. Aliniona. Kesho yake alikunywa chai kutoka kikombe kile kile mbele ya macho yangu, akakijaza tena, akanipa. Nilikunywa.

Fuvu nililipaka chokaa mara tatu ndipo likapotea.

Tulianza na kitambaa cha marekani, kile cheupe kizito, nikakigawa kwa mistari kuwa vyumba vyumba. Sista alijua anachotaka watu wajue: wameze dawa kila siku bila kuruka, wachemshe maji ya kunywa, wajue kutengeneza maji ya chumvi na sukari tumbo likiharisha, na wajue ni dalili zipi za kuwarudisha zahanati haraka bila kungoja siku ya kliniki. Mimi niliona ni kazi ya wiki mbili. Nilichora haraka, kwa rangi nzuri, nikaridhika. Kisha sista akakitandaza mbele ya wagonjwa sita na kuwauliza swali moja tu, ambalo baadaye nililichukia kuliko swali lolote duniani: "Mnaona nini hapa?"

Kwenye chumba cha kwanza nilikuwa nimechora mtu kuanzia kichwani hadi kifuani, mapafu yakionekana. Mzee mmoja aliinama akatazama sana, akauliza, "Huyu miguu yake ilikatwa na nini?" Wengine nao wakaanza kumsikitikia. Mapafu hayakuzungumzwa kabisa.

Kwenye cha pili nilikuwa nimechora kidonge, na juu yake jua, kumaanisha asubuhi. Wakasema dawa imezwe ukiwa umesimama juani. Kijana mmoja akakiri kwamba yeye huimezea ndani ya nyumba, akaomba msamaha.

Kwenye chumba cha maji machafu nilikuwa nimepiga alama ya kosa, ile ya mwalimu, mistari miwili iliyokatana. Mama mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga shule alisema, "Hayo ni maji yaliyobarikiwa. Yana msalaba."

Nilikunja kitambaa kwa hasira. "Sista, hawa watu hawaoni!"

"Wanaona vizuri kabisa," alisema. "Mzee ameona mtu hana miguu. Ana miguu?"

"Hana, lakini..."

"Basi mchoree miguu."

Nilirudi kibandani nikaanza upya. Mtu mzima mwenye miguu. Badala ya jua nikachora mwanamke anayepeleka mkebe wa maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, maana huko kwetu hakuna aliyeshindwa kujua hiyo ni saa ngapi. Maji machafu nikayaondoa kabisa, nikabaki na sufuria inayochemka tu, mvuke ukipanda. Wiki baada ya wiki nilipeleka kitambaa, na wiki baada ya wiki kitu kingine kiliharibika. Nikirekebisha hiki, kile kilipotea. Nilikuwa nikilipwa kwa kazi moja na nimeifanya mara saba. Mke wangu aliniuliza kama nimeajiriwa au nimefungwa.

Lakini chumba kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa cha mkojo.

Katika ile miezi miwili ya kwanza kulikuwa na kidonge kimoja chekundu ambacho kiligeuza mkojo kuwa mwekundu. Haikuwa damu, wala haikuwa na madhara. Sista aliwaambia kila mmoja. Ila mtu akifika nyumbani, akiwa peke yake chooni, akaona kile kitu, maneno yote ya sista yalimtoka kichwani. Aliona figo zimepasuka, au amerogwa, au dawa zenyewe ndizo zinammaliza. Akaacha. Baada ya wiki chache kikohozi kikarudi kwa nguvu mpya.

"Hiki ndicho kinachoniulia watu," sista alisema. "Nichoree mkojo mwekundu, na uchore kwamba hakuna shida."

Nitachoraje mkojo? Nilichora mwanamume amegeuka mgongo kando ya ua, na mstari mwekundu. Lakini zahanati ilikuwa ya kanisa, na wazee wa kamati wakaomba kukiona kitambaa kabla hakijatumika. Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Fundi, unataka kutundika mkojo ndani ya nyumba ya kanisa?"

"Ni kwa ajili ya dawa, mzee."

"Na hizi hapa ni nini? Ni pombe?"

Alikuwa ameona chupa mbili za bia kwenye chumba cha maji ya chumvi na sukari. Zilikuwa pale kwa sababu chupa mbili za bia ni lita moja kamili, na hakuna boma lisilokuwa na chupa hizo, hata maboma ya wazee wa kanisa, ambako zilitumika kuwekea maziwa na mafuta ya taa. Sista alieleza hivyo kwa heshima zote. Mwenyekiti akasema tuweke soda. Sista akasema chupa za soda ni ndogo, vipimo vya chumvi vitaharibika. Wakabishana nusu saa kuhusu chupa, mimi nimesimama nimeshika ncha mbili za kitambaa na mikono imekufa ganzi. Mwishowe tukatoka na uamuzi: soda tatu, sista atajua mwenyewe atakavyopunguza chumvi, na yule mtu wa uani aondolewe.

Nikachora kopo, na ndani yake kitu chekundu.

Sista akatandaza kitambaa, akauliza swali lake. Mama mmoja aliyeuza ndizi sokoni akajibu bila kusita, "Hiyo ni strungi." Yaani chai ya rangi, isiyo na maziwa.

"Inasema nini?" sista aliuliza.

"Inasema tumeze dawa na strungi. Tuache maziwa."

"Kumbe ndiyo maana," mwingine akadakia. "Maziwa hayapatani na dawa."

Wiki iliyofuata watu watatu walikuwa wameacha maziwa, watu waliokonda mpaka mifupa ya bega inaonekana juu ya shati, na ng'ombe wako zizini. Sista aliweka kichwa chake juu ya meza akakaa hivyo. Mimi nilitoka nje nikapiga teke ndoo yangu ya brashi ikabingirika hadi barabarani.

Ni yule mama wa ndizi aliyenifuata nje, akaiokota ndoo.

"Fundi, ile haikuwa strungi?"

"Ulikuwa mkojo, mama. Mkojo wa mtu anayemeza kile chekundu."

Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta, akapumzika, akacheka tena. "Na mbona hukusema? Weka choo. Hakuna mtu anapika strungi kwa choo."

Basi nikachora choo cha shimo, cha mbao na bati, mlango wazi. Nje ya choo nikamchora mwanamke ameshika kopo lenye mkojo mwekundu, anatazama ndani, uso umetulia. Kando yake mwanamke huyo huyo, nguo ile ile, anameza kidonge chekundu. Tukauliza swali. Wote sita wakajibu jambo moja. Sista hakufurahi kwa sauti. Aliniambia tu nirudi nyumbani nikalale. Kamati nayo ilikubali kwa masharti kwamba kitambaa kisitundikwe, kifunguliwe tu ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa. Hapo walitusaidia bila kujua, kwa sababu nyuma ya mlango uliofungwa ndipo watu walipoanza kuuliza waliyotaka kuuliza.

Miezi michache mambo yalienda. Kisha afisa mmoja akaja kutoka Embu kukagua. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Fuvu liko wapi?" Sista alimweleza. Akaandika kwenye daftari lake, na baadaye barua ilikuja kuuliza ni nani aliyeruhusu mali ya ofisi kufutwa. Lakini siku ile alikiona kitambaa, akakipenda, akakipiga picha, akasema hiki lazima kifike kila mahali.

"Tutakichapisha kiwe kijitabu," alisema. "Nipeni niende nacho."

"Tuachie, tukunakilie kingine," sista alimwambia.

"Nitakirudisha wiki ijayo."

Alikikunja, akakiweka kwenye gari. Sikukiona tena kitambaa kile maishani mwangu.

Tulikuwa bado tunangoja wiki hiyo ijayo wakati mchuuzi mmoja wa viazi, aliyeleta mzigo kutoka Kiirua, aliponitafuta kibandani. Dada yangu, wa pekee niliyenaye, alikuwa ameolewa huko Kiirua, upande wa pili wa Meru, kwenye mashamba ya ngano na viazi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia baada ya kukohoa kwa muda mrefu. Tulikwenda tukazika, tukarudi, hatukuuliza. Yeye alibaki kwa mama mkwe wake na watoto wawili.

"Mama mkwe wa dada yako amenituma," mchuuzi alisema. "Dada yako anakojoa damu. Anasema uende umwone kabla hajaisha."

Nilikuwa na brashi mkononi, nachora herufi za duka la dawa za mifugo. Nilijua kila kitu kwa sentensi ile moja. Nilijua hakojoi damu. Nilijua anameza kile chekundu, na kwa nini anakimeza, na mumewe alikufa na nini, na kwamba kwa muda wote huo nilikuwa nikifundishwa na wagonjwa wa watu wengine huku wangu mwenyewe amekaa kwenye baridi ya Kiirua akiamini kwamba tumbo lake linavuja. Nilikasirika. Nilimkasirikia mchuuzi, nikamkasirikia yule afisa na wiki yake ijayo, nikajikasirikia mimi kuliko wote.

Kesho yake niliondoka na kipande cha marekani, mikebe minne ya rangi na brashi mbili.

Nilimkuta ameketi nje kwenye gunia, amejifunika blanketi mchana, upepo wa mlimani ukipiga. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilisita. Mama mkwe wake alikuwa karibu, anachambua maharagwe, hakuinua uso.

"Mwana wa maitu," dada aliniita, kama tulivyoitana tangu utotoni, mtoto wa mama yangu. "Umekuja kunizika mapema?"

"Nimekuja kuchora."

Lazima nieleze jambo. Kwetu, mwanamume hawezi kukaa na dada yake akamwuliza habari za mkojo wake. Haiwezekani. Heri umwulize mtu wa barabarani. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mbele ya wazee wa kanisa, lakini pale mdomo uligoma. Kwa hivyo nilitandaza kitambaa juu ya meza ya jikoni, nikachanganya rangi, nikaanza. Yeye alivuta gunia lake akaja kutazama, kama alivyokuwa akinitazama nikichora kwa mkaa kwenye ukuta wa mama tukiwa wadogo.

Nilichora mwanamke. Nikamchorea kidonge chekundu mkononi. Kisha choo. Kisha mwanamke yule yule na kopo. Nilichovya brashi kwenye nyekundu, nikajaza kopo.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Mama mkwe wako amewatangazia mpaka wauza viazi."

Alifunika uso kwa blanketi. Nilidhani analia. Nikaendelea kuchora uso wa yule mwanamke, uliotulia, nikiutia rangi polepole kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Kwa hiyo si damu," alisema kutoka ndani ya blanketi.

"Si damu. Ni rangi ya kile kidonge. Inaingia hapa, inatokea hapo. Watu wote wanaokimeza huwa hivyo. Nimewaona wengi."

"Na yule aliyenipa mbona hakuniambia?"

Labda alimwambia. Labda alimwambia katikati ya foleni, kwa haraka, akiwa na watu arobaini wengine. Sikumtetea. Nilimwuliza ameacha dawa siku ngapi. Alihesabu kwa siku za soko: siku kumi na mbili. Kesho yake tulikwenda pamoja zahanati ya huko. Mhudumu alimkaripia mbele ya watu wote kama mtoto aliyevunja chupa, akamwambia anaanza upya tangu mwanzo. Nilitaka kusema kitu, dada akanivuta koti.

"Nyamaza," alisema. "Wewe utarudi Runyenjes. Mimi ndiye nitakuja hapa kesho."

Alikwenda kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku kwa miezi miwili, kisha akameza vile vya nyumbani miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kikohozi kilikwisha. Mwili ulirudi. Alilima viazi vyake mwenyewe. Nilipomtembelea nilikuta wanawake watatu, majirani, wamekuja Jumapili baada ya kanisa, milango imefungwa, na dada amekitandaza kitambaa kitandani, anawauliza, "Mnaona nini hapa?" Sikuwahi kumfundisha kuuliza hivyo. Aliniagiza picha zaidi: vidonda vya mdomo na ile dawa ya zambarau ya kuvipaka, sahani yenye maharagwe, mayai na mboga, maji ya chumvi na sukari. Huko hapakuwa na kamati. Nilichora bia mbili.

Wakati huo ndipo vijitabu vilipofika zahanati yetu, maboksi matatu. Sista alinitumia ujumbe nije tufungue pamoja. Vilikuwa na karatasi nzuri inayoteleza. Watu wangu walikuwa wamechorwa upya na mtu wa mjini. Yule mwanamke alikuwa na nywele zilizotengenezwa saluni, na badala ya maharagwe alikuwa na zabibu mezani. Mtu wa mapafu alikuwa amekatwa miguu tena. Jua lilikuwa limerudi. Na kitabu chote kilichapishwa kwa wino mweusi. Kidonge chekundu kilikuwa kijivu. Kopo la mkojo lilikuwa jeusi kama lami. Ukurasa wa mwisho walikuwa wameweka fuvu.

Sista alifungua mtoto wa meza, akatoa kalamu mbili nyekundu za kusahihishia, akanipa moja. Tuliketi hapo tukipaka kopo na kidonge katika kila kijitabu, na kung'oa ukurasa wa mwisho. Tulimaliza boksi moja na robo. Kalamu zikaisha wino. Haukupita muda mrefu akapata uhamisho kwenda mahali pengine, na aliyekuja baada yake alivigawa vilivyobaki kama vilivyokuwa. Niliviona sokoni, kurasa zake zikifungiwa muguka, yale majani ya kutafuna.

Dada yangu aliishi miaka mitatu baada ya kumaliza dawa za kifua. Kuelekea mwisho wa miaka ile ya tisini alianza kuumwa kichwa, kichwa kisichosikia dawa yoyote, shingo ikakakamaa. Tulimpeleka hospitali Meru. Daktari, kijana mpole, alisema ni ugonjwa umeingia kwenye utando wa ubongo.

"Dawa yake ipo?" nilimwuliza.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Alitaja Nairobi, na akataja nchi za nje, kisha akatazama chini. Kwa ule ugonjwa wenyewe pia, alisema, sasa kulikuwa na dawa ambazo watu wa huko nje walikuwa wakimeza na kwenda kazini. Nilimwuliza zina rangi gani. Sijui kwa nini nilimwuliza hivyo. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kuziona. Dada alikufa siku ya kumi na moja.

Kwenye mazishi mhubiri alisema marehemu aliugua kifua, kama mumewe. Nilisimama pale kando ya kaburi, damu ikanipanda. Kifua! Kifua ndicho kitu pekee alichopona. Nilipoitwa kusema neno kwa niaba ya ndugu, nilikuwa nimeonywa na wazee wa pande zote mbili nishukuru waliokuja na niketi. Nilisema, "Dada yangu hakuwa na kifua. Alikuwa nacho, akameza dawa miezi minane, akapona. Wengi wenu mlimwona akilima." Watu wakanung'unika. Mhubiri akaanzisha wimbo kabla sijamaliza.

Baadaye niliingia nyumbani kwake kutafuta kitambaa. Kitanda kilikuwa kimebaki chuma kitupu.

"Tulichoma godoro na nguo," mama mkwe wake aliniambia. Macho yake yalikuwa yamevimba; alikuwa amempenda, kwa namna yake. "Na ile shuka yako ya picha. Niliogopa watoto wataichezea, wapate."

"Mama, kitambaa hakiambukizi. Imechorwa humo humo kwamba nguo haziambukizi."

"Mimi sikuwahi kuonyeshwa," alisema. "Walikuwa wanafunga mlango."

Nilitoka nje. Wale majirani watatu walikuwa wamenisubiri kando ya ua, wamejitanda leso, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitambaa kimepatikana. Nilipomwambia kimechomwa, alitikisa kichwa.

"Na sisi tulikuwa bado hatujamaliza," alisema. "Tulikuwa tumefika kwa picha ya kuharisha."

Niliwaahidi kingine. Nilirudi Runyenjes nikakuta nimeacha kazi za watu nusu nusu, mvua ikanyesha, rangi ikachelewa kukauka, mtoto wangu akaugua. Ilinichukua miezi miwili na wiki moja. Niliporudi Kiirua na kitambaa kipya, nilikuta wawili.

Sikuuliza kuhusu wa tatu. Walinieleza wenyewe, kwa maneno machache, tukiwa bado mlangoni. Nikamwita na mama mkwe, naye akaja akaketi mwisho wa kitanda, mikono mapajani. Nikatandaza kitambaa, tukaanza pale kwa kuharisha.